Rubani Aliyelichukua Shamba la Baba

Mwezi uliopita walikuja kwangu wageni wawili, Mzungu na mkewe, na picha ndani ya bahasha. Kwenye picha alisimama mtu mfupi mbele ya ndege, kofia mkononi, kidevu juu. Mzungu akauliza, kupitia kijana aliyewaongoza, kama namkumbuka bwana huyo. Akasema ni mjomba wa mama yake, rubani wa vita, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuwafundisha vijana wa Ujerumani kupigana angani kwa siri, wakati nchi yao imekatazwa na walioishinda isiwe hata na ndege moja ya kivita. Huko kwao wanaandika kitabu juu yake. Wanatafuta wazee wenye kumbukumbu nzuri.

Ati kumbukumbu nzuri. Niliwapa chai na viazi, maana mgeni ni mgeni, nikawaambia uzee umenila, sikumbuki kitu. Ulikuwa uwongo mtupu. Yule mtu namkumbuka mpaka harufu ya sabuni yake. Nisiyowaambia nayaandika hapa, na nayaandika kwa hasira, kwa sababu sina namna nyingine ya kumwandika. Anayetaka mzee mpole aende nyumba ya jirani.

Alikuja kwetu wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya vita vya pili. Kwetu ni upande wa Kichiwa, ukitoka Makambako kwenda Njombe. Serikali ilimkodisha bonde lililopakana na ardhi yetu, akajenga nyumba ya matofali yenye baraza pande zote, akasema amekuja kulima. Kulima gani? Mahindi yake yaliliwa na ngedere miaka miwili mfululizo na wala hakuinamisha kichwa kuyaangalia. Alikuwa akiangalia juu.

Mimi nilikuwa karani wake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimesoma shule ya misheni, naandika Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kuombea kazi, na nilijiona mtu mkubwa kuliko wote waliovaa viatu pale kijijini, ambao kwa kweli tulikuwa watatu tu. Hakunipiga hata siku moja, lazima niseme hilo. Alinipita tu. Unaweza kufanya kazi na mtu miaka minne asijue kama umeoa, asijue kama umefiwa. Mama yangu alipofariki nikakosa kazini siku tatu, niliporudi aliniuliza funguo za stoo ziko wapi.

Siku moja alinituma Makambako kupokea mizigo kutoka Iringa. Yalikuwa malori mawili yenye masanduku marefu kuliko nyumba ya mtu, yamefunikwa turubai. Nilikuwa nimeagizwa kwamba nikiulizwa niseme ni mashine ya kusaga. Basi nikasema. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda yenye maduka machache ya Wahindi na watu wanaosubiri magari, na wote waliacha walichokuwa wakifanya wakaja kupapasa masanduku. Akina mama waliokuwa wakisaga kwa jiwe tangu wazaliwe walinishika mikono kwa furaha, wakaniuliza mashine itafungwa wapi, itaanza lini. Niliwajibu kwamba karibuni. Mwaka mzima baadaye kila nikipita Makambako nilikuwa naulizwa habari za unga, nami nazunguka nyuma ya maduka kama mwizi wa kuku.

Ndani ya masanduku kulikuwa na ndege. Serikalini alisema ni ya kutazama nzige wanakotua. Aliiunga mwenyewe ndani ya banda, bawa moja, la pili, mkia, na mimi namshikia spana. Hapo ndipo nilipopotea, na sitamsingizia mtu. Nilipoiona ile injini imefunguliwa, kila kitu kimekaa mahali pake na kinajua kazi yake, nilisikia njaa ambayo sijawahi kuisikia kwa chakula. Aliona. Yule bwana alikuwa haoni watu, lakini tamaa ya mtu aliiona upesi sana. Akaniambia nikimtumikia vizuri atanifundisha injini mpaka niwe fundi, fundi mweusi wa kwanza wa ndege katika Tanganyika nzima. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama niliyepakwa mafuta.

Ila ndege haikuwa na pa kukimbilia. Bonde lake lilikuwa limejaa mabonde mengine ndani yake. Mahali pekee palipolala tambarare, parefu, penye upepo wa kunyooka, palikuwa juu ya kilima chetu: shamba la baba. Mama ndiye alikuwa akipanda ulezi pale. Tangu afe, baba hakuwa na mikono ya kutosha, na mwaka ule shamba lilikuwa limemezwa na nyasi na vichaka mpaka kiunoni. Alikuwa akiniambia kila jioni kwamba mvua ikija kabla hajalifungua, hatakuwa na ulezi, na mzee asiye na ulezi ghalani si mzee, ni mpangaji kwa watoto wake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bwana aliniita barazani akaniambia anataka pale kilimani pafyekwe, visiki ving'olewe, pasawazishwe. Atachinja ng'ombe wawili na atatoa ulezi wa kupikia pombe. Nikamuuliza, na mmiliki je? Akasema yeye atapita pale kiangazi tu, wakati hakuna kitu shambani, na mvua zikianza mzee atapanda zake. Alinitamkia hivyo kwa kinywa chake, mchana kweupe.

Kwetu kuna mgowe. Mtu akizidiwa na kazi anapika pombe, anaita majirani, wanalima siku nzima wanakunywa wanaimba, na shamba linabaki la mwenye shamba. Hata jirani mwenye uwezo anaweza kukuitia mgowe kwenye shamba lako, hasa ukiwa mjane au umefiwa na mke. Ni heshima kubwa. Na kuna jambo moja halikosekani: kabla ya mtu yeyote kunywa, mwenye shamba anaonja kwanza. Akishaonja, kila mmoja pale anajua jembe lake linamlimia nani. Mimi, msomi wa misheni, nilichukua maneno ya yule bwana nikayaingiza moja kwa moja kwenye desturi yetu, nikampelekea baba habari kwamba Mzungu anakuitia mgowe.

Baba alitikisa kichwa. Alikuwa Mlutheri wa kweli, ameacha pombe tangu abatizwe. Akasema ulezi anautaka, lakini kuonja hawezi. Nilimbembeleza siku mbili. Nikamwambia ni kugusa midomo tu, baba, watu waone. Nikamwambia bwana ni mtu mwema. Hilo nalo nililisema, Mungu anisamehe.

Walikuja watu kutoka huku na huku, wengine kutoka Mdandu. Baba alisimama mbele ya mtungi kavaa koti lake la kanisani, akapokea kata, akagusa midomo, akairudisha. Watu wakapiga vigelegele. Walifyeka siku tatu, wakang'oa visiki, wakajaza mashimo, na jioni walicheza pale pale mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Yule bwana alikuwa akipita katikati yao anapima kwa hatua zake fupi, anahesabu kwa sauti, amefurahi. Wiki iliyofuata baba alisimamishwa mbele ya kanisa akatubu kwa ajili ya ile kata moja. Alitubu bila kunitazama.

Mvua ya kwanza iliponyesha, baba alipanda kilimani na mbegu. Alikuta seng'enge imezungushwa. Alipoinama kupita chini yake, mbwa wawili waliachiliwa, na wakamrudisha hadi mtoni suruali ikiwa vipande. Mimi nilikuwa bandani na mikono yangu ndani ya injini. Nilisikia mbwa, sikujua wanambwekea nani, na nilipojua nilikwenda kwa bwana nikamkumbusha ahadi yake ya kiangazi. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka nimeletwa pale na nani. Akasema wale watu walikula nyama yake na kunywa pombe yake, wamelipwa, habari imekwisha.

Baba akaenda kushtaki bomani Njombe. Kilomita zote zile kwa miguu, kwenye ukungu, na mimi nimekatazwa kwenda naye kwa sababu bwana naye alikuwa anaitwa na nilipaswa kufuatana naye. Bwana Shauri, ofisa wa boma, alikuwa Mwingereza kijana, mwenye mafua, anajua Kiswahili lakini Kibena hakijui. Mkalimani wa boma alikuwa amesafiri. Ndipo bwana wangu akasema hakuna shida, karani wake yupo, naye ni mtoto wa mzee mwenyewe, mkalimani gani bora kuliko huyo? Bwana Shauri akamuuliza baba kama anakubali. Baba akaitikia kwa kichwa. Nakumbuka hata aliona afadhali, maana aliketi vizuri.

Maswali yalikuwa machache. Shamba lilikuwa limelimwa mwaka uliopita? Hapana. Ng'ombe walichinjwa? Ndiyo. Watu waliofyeka walilazimishwa? Hapana. Kisha Bwana Shauri akauliza kama mzee mwenyewe alikunywa ile pombe.

Baba alijibu kwa Kibena, polepole, akinitazama ili nisiache kitu. "Nilionja. Kwenye mgowe mwenye shamba ndiye anayeonja kwanza, watu wajue wanamlimia nani. Nilionja kwa sababu shamba ni langu. Na huyu bwana aliahidi atapita kiangazi tu. Mwanangu ni shahidi, mwulize."

Bwana wangu alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba ile sabuni yake niliisikia. Hakunigusa, hakuniambia neno. Wala hakuwa na haja.

Nikasema, "Anasema ndiyo, alikunywa."

Ndio hivyo. Maneno matatu. Bwana Shauri akaandika, akapenga kamasi, akasema malipo yalipokelewa kwa ridhaa na mwenyewe amekiri, ardhi iunganishwe na ya bwana. Baba alirudi Kichiwa kwa miguu. Mimi nilirudi kwenye gari la bwana, mbele, pembeni yake, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri.

Baada ya hapo ndipo shule yake ilipoanza. Wakaja vijana wa Kijerumani sita, wengine watoto wa walowezi, wengine wametoka moja kwa moja Ulaya. Tuliambiwa wamekuja kujifunza ukulima. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akishika udongo. Asubuhi yenye ukungu, ndege isipoweza kuruka, aliwatoa uwanjani na ndege ndogo za mti zilizochomekwa kwenye fimbo, alizochongesha kwa fundi wa vinu, na wale wanaume wazima wakakimbizana juu ya shamba la mama yangu, mmoja anamvizia mwenzake kwa nyuma, na yeye anapiga kelele nani ameshakufa. Siku nyingine aliwapandisha baiskeli waende kwa safu, watatu watatu, wakigeuka pamoja bila kusema. Aliyekosea aligongwa vidole kwa ufito na kuitwa shwaini, yaani nguruwe kwa lugha yao. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walikufa kwa kicheko. Walidhani Wazungu wamerukwa na akili.

Hawakuwa wamerukwa. Ukungu ukiondoka waliruka kweli, na somo lake kuu lilikuwa moja: mwendee adui ukitoka lilipo jua, asikuone mpaka amekwisha. Na adui alitoka wapi pale kwetu? Tulikuwa sisi. Ng'ombe waliokuwa wakichunga mabondeni, mtu anayepalilia viazi, waumini wanaotoka kanisani. Ndege ilishuka kutoka kwenye jua bila onyo, ikapita juu ya vichwa hivi, ikadondosha kifuko cha chokaa, na yeye chini anatazama saa yake. Aliyempiga ng'ombe kwa chokaa alipewa bia jioni. Ng'ombe wawili wa jirani yetu walitupa mimba. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu na walimpata mara mbili. Alimsafisha kwa majani.

Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nashona vile vifuko na kuvijaza chokaa. Nilijua pia kwamba hii si habari ya nzige, maana huhitaji shule kujua kinachofundishwa, usiku unapoosha ubao wenye michoro ya ndege zinazofyatuliana risasi. Ningeweza kwenda Njombe kusema. Nilinyamaza kwa sababu ya injini. Na hiyo injini mnadhani alinifundisha? Thubutu. Miaka yote ile nilishika spana na kumwaga petroli. Kila alipofika kwenye sehemu yenyewe, ile inayoifanya injini iwe injini, alinituma nikalete kitambaa. Nikirudi, kifuniko kimeshafungwa.

Vita vilipotangazwa, askari wa Mwingereza walikuja na malori mawili wakamkuta anakunywa kahawa. Alitandika kitanda chake mwenyewe, akafunga sanduku, akawapa vijana wake mkono mmoja mmoja. Alipita mbele yangu. Hata jicho hakunitupia. Walipelekwa kufungiwa, na sikumwona tena, na kama alikufa kitandani au angani wala sikuwauliza wale wageni.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikakimbia Njombe, safari hii bila kuitwa, nikamweleza ofisa mpya kila kitu: masanduku, chokaa, michoro, wale wakulima wasioshika jembe. Alinisikiliza kwa makini sana, akaandika kurasa, akanipa sigara. Nikaona sasa ni wakati. Nikamwambia kwamba mtu huyo alimdhulumu baba yangu shamba, na sasa ni adui wa serikali, basi shamba lirudi. Hakukataa. Alitafuta faili, akalifungua, akasoma, akaligeuza upande wangu ili nisome mwenyewe. Mzee amekiri alikunywa. Mkalimani: mwanawe. Akasema pole, lakini kisheria ile si dhuluma, na mali ya adui sasa ni ya serikali. Baadaye ardhi ile walimpa Mwingereza, akapanda miti ya miwati kuanzia seng'enge hadi seng'enge.

Siku ile nilitembea hadi nyumbani. Baba alikuwa nje anapukuchua mahindi. Nilikuwa nimeamua nimwambie. Nikaketi chini mbele yake, nikaanza kwa mbali, nikasema kwamba bomani kuna maandishi, na kwamba siku ile ya shauri, huenda sikuyafikisha maneno yake yote vizuri.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akanijibu, na akanijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitamka nyumbani mwetu. Katika vita vya kwanza alikuwa amebeba mizigo ya Wajerumani hadi pwani na kurudi, miaka mitatu katikati ya watu wa kila kabila. Nilijua habari hiyo kama kila mtoto anavyojua habari za baba yake, bila kuifikiria.

"Nilikusikia ulivyosema," alisema. "Ningeweza kumweleza yule Mwingereza mwenyewe. Lakini ningefungua mdomo, wangekuona wewe ni mwongo, mbele ya wale watu wote. Shamba ni udongo. Wewe ni mwanangu."

Akasogeza ungo karibu nami, nami nikashika hindi.